Kamba Ilikuwa Mkononi mwa Nani

Itaka, 9 Februari 2025

Kwa mdogo wangu Ketrina, Msangano.

Mulishani! Ndivyo wanavyosalimiana wenzetu wa ng'ambo ya pale Tunduma, na mimi Kibemba nakijua mpaka Wazambia wakinisikia wanaona aibu kuendelea. Mimi mzima. Kahawa nzima. Mbwa kafa, lakini alikuwa mvivu.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei. Nimepiga tangu Desemba. Nimepiga kwa simu yangu, nimepiga kwa simu ya jirani Enesi, hupokei. Basi nimeshika kalamu. Mwandiko usiucheke, kisomo cha watu wazima nilikaa miezi minne tu, mwalimu akaniambia Anyelwisye nenda nyumbani, wenzako hawasomi, wanakucheka wewe. Barua anakuletea Osward wa fuso, anakuja huko kubeba mpunga. Na wewe mpe yako.

Habari kubwa: kanisa limeniweka kwenye marudi. Kaka yako, mwimba besi wa miaka arobaini, meza ya Bwana sisogelei! Kisa ni msiba. Nilikunywa komoni, tena kidogo, kwa kipimo changu. Halafu nikaanzisha wimbo ambao haumo kitabuni, wajane wakacheza, na mfiwa mwenyewe akacheza. Mzee wa kanisa Jairo, huyu huyu niliyemfundisha kupanda baiskeli nikimshikilia kiti, ananikunjia uso. Anasema Jumapili ya Matawi nisimame mbele nisome toba ndipo nirudi kundini. Toba yenyewe kaniandikia yeye kwenye karatasi. Nimemwambia, Jairo, mimi nina miaka sitini na nane, kitu ninachoogopa duniani ni koleo la daktari wa meno, basi.

Sasa najua umenuna kwa ajili ya sendoff ya mwanao Tusekile. Jamani! MC kanipa maiki mwenyewe, nifanyeje, niirudishe? Watu walicheka, mama mmoja kakaa chini. Na nilisema nini kipya? Ile ile ya siku zote. Ng'ombe watano wa mahari yako tunawatoa kwao Msangano kuwaleta kwetu Itaka, mimi, marehemu Hezron, na bwana harusi Rabson na viatu vyake vipya. Mto umejaa. Hezron anavuka wa mwisho na ndama, kafungwa kamba kiunoni, Rabson kashika ncha ukingoni. Hezron anateleza, anapiga kelele, "Jamani, ndama anajua kuogelea, mimi sijui!" Rabson anaachia kamba, mbio! Anawapita ng'ombe, anaupita mlima, kiatu kimoja kinamtafuta mwenzake. Na mimi huyoo, majini na nguo zangu. Hezron Mungu alimtaka, sikumpata. Lakini niliingia.

Kosa liko wapi? Shemeji ni mtani wangu. Nisipomtania yeye nimtanie nani, mkuu wa wilaya? Mwambie aje Pasaka, nimchinjie jogoo.

Ni mimi kaka yako,
Anyelwisye

*

Msangano, 21 Februari 2025

Kaka,

Shikamoo.

Simu zako sipokei kwa sababu kwenye simu unanichekesha, na nikishacheka siwezi tena kukugombeza. Kwenye karatasi naweza.

Ulipofika pale pa kiatu, baba Tusekile aliinuka akatoka ukumbini. Hukumwona, ulikuwa na maiki. Tangu siku ile anaishi kwenye kibanda cha shambani. Chakula napeleka, anapokea, anashukuru, nyumbani harudi. Mtoto wake kaolewa, kakabidhiwa na baba mdogo. Watu wananiuliza mume wako anaumwa nini.

Siku moja nikamwambia, "Baba Tusekile, si utani tu? Na mimi mwenyewe nilishakusamehe zamani yale ya mtoni." Akaniangalia kama ananiona leo. Akasema, "Mwulize kaka yako kamba ilikuwa mkononi mwa nani."

Basi nakuuliza. Kamba ilikuwa mkononi mwa nani? Hadithi sitaki, naijua hata nikiwa nimelala.

Mimi mdogo wako,
Ketrina

*

Itaka, 3 Machi 2025

Kwa mdogo wangu mkali,

Marahaba! Barua yako nimeisoma, ikaniuma, nikaenda kupalilia, ikaacha.

Wewe nawe! Mambo ya mwaka tisini na moja unayafukua leo? Maji yale yalishafika Rukwa, yakawa mvua, yakanyesha tena. Rabson ni mtu mzima. Akitaka kununa shambani anune, mpunga utapata mlinzi. Mimi nimetaniwa mangapi? Kuna mtu hapa anasema nilipigwa na mke wangu kwa mwiko. Nimekimbilia kibandani?

Nikupe habari za maana. Jairo kaja tena na karatasi yake. "Mimi fulani nimetenda dhambi ya ulevi na kucheza msibani, naomba kanisa linipokee." Anataka nikariri, maana kusoma nasoma kwa kusimama simama. Nimekariri siku moja. Nikamwonyesha na pa kulia. Nikafika kwenye "linipokee", machozi haya hapa, tena ya kweli. Jairo naye karibu alie. Akasema, "Baba, Roho anakugusa." Nikamwambia hajanigusa bado, hii ni mazoezi.

Ketrina, sikia, dhambi ya komoni ni nyepesi. Unaisimamia mbele za watu nusu yao walikuwepo na vikombe mkononi. Unaisoma, unalia, unapewa mkono na mchungaji, kinamama wanapiga vigelegele, unakula mkate. Kuna shida gani? Mimi hao siwaogopi. Nitatubu vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kutubu Itaka, watahadithiana.

Msalimie shemeji. Mwambie mtani wake anamkumbuka.

Anyelwisye

*

Msangano, 10 Machi 2025

Kaka,

Hukujibu. Umeandika kurasa mbili na hukujibu.

Wewe ukiulizwa swali unalolijua, unalijibu kabla mtu hajamaliza kuuliza. Hili umelizunguka kama kuku anayezunguka nyoka. Basi nimeshajua.

Nikuambie nilichokaa nacho. Mwaka wa kwanza wa ndoa Rabson alianza kunieleza. Akasema, "Ketrina, ule mto haukuwa vile." Na mimi nikacheka. Nikamwambia, "Usijali, mume wangu, si kila mwanaume ni kama kaka yangu." Hakurudia tena. Miaka thelathini na nne nimemsamehe. Nikimpakulia, nimemsamehe. Akichelewa shambani, namwambia moyoni ndivyo alivyo, mwoga, nimsamehe. Nilijiona mke mwema kweli kweli.

Nilikuwa namsamehe nini?

Niandikie. Nenda kwenye maji yenyewe, kaka. Usinichekeshe hata mara moja.

Ketrina

*

Itaka, 19 Machi 2025

Ketrina,

Ilikuwa mkononi mwangu.

Nimekaa siku tatu na mstari huo. Mtu ninayesema mpaka kasuku aombe kupumzika, siku tatu, maneno matatu.

Ilikuwa hivi. Kamba nilishika mimi, nimeizungusha kwenye kiganja mara mbili. Rabson alikuwa juu kidogo anawazuia ng'ombe wasirudi. Hezron akateleza. Kamba ikavuta, nikavutika, miguu ikaingia kwenye matope mpaka magotini, na maji yale, Ketrina, yalikuwa na sauti. Nikaikunjua. Haikuniponyoka, watu wangeelewa ikiniponyoka. Niliikunjua mwenyewe, mzunguko wa kwanza, mzunguko wa pili. Nikakimbia. Anayekimbia kwenye hadithi ni mimi, hata kiatu ni changu, Rabson siku ile alivaa kandambili.

Nikiwa juu nikageuka nikaona Rabson anarukia majini. Sikusimama nione mwisho.

Nilifika Itaka kabla ya ng'ombe. Mvua ilikuwa imeninyeshea, nimelowa, watu wakasema, masikini, ameingia majini! Mimi sikusema. Walisema wao. Wakaniuliza Rabson yuko wapi, nikasema amekimbia. Neno moja tu, la kunifikisha jioni. Nilidhani wote wawili wamekufa, na maiti haikanushi. Kumbe Rabson maji yalimtupa chini huko, akaokotwa na watu, akalala kwao na homa siku nne. Alipokuja Itaka, tayari Hezron tumemzika na yeye ndiye mwoga aliyejificha. Akasema kweli yake. Nani amsikilize? Ana kigugumizi akiwa na hasira, na mimi nina mdomo huu.

Halafu kwenye matanga nikaongeza kiatu. Sijui kwa nini. Watu wamekaa na huzuni, nikasema tu, "na kiatu kimoja kinamtafuta mwenzake," mtu mmoja akacheka. Wakacheka watano. Mama Gwantwa, mama yake Hezron, na macho yamevimba, akacheka. Nikaona nimefanya kazi njema. Tangu siku ile nikawa naipamba. Maneno ya ndama niliyomwekea Hezron mdomoni niliyapata miaka ya baadaye, nikiwa napulizia kahawa dawa. Hayo ndiyo watu wanayapenda zaidi.

Sasa nisikilize. Usinihurumie, na usiniambie yamepita. Jumapili ya Matawi nitasimama, lakini karatasi ya Jairo sisomi. Ile toba ya komoni ningeisoma, ningelia, ningepewa mkate, na ningekwenda motoni nimeshiba. Nitasema ya kamba. Wakinifukuza wanifukuze, wakinipiga nina mgongo. Mungu akitaka kunihurumia shauri yake, akitaka kuniacha shauri yake, lakini atanikuta nimesimama kwenye kosa langu mwenyewe, si la kuazima.

Hii barua mpelekee Rabson. Mimi kwake bado sijui naanzia wapi.

Anyelwisye

*

Itaka, 14 Aprili 2025

Ndugu Anyelwisye,

Bwana asifiwe.

Kamati ya wazee imekaa leo Jumatatu kuhusu yaliyotokea ibadani jana. Nimeagizwa nikuandikie kwa sababu tukikuita unazungumza na kikao hakimalizi ajenda.

Kwanza. Ulikuwa umeandaliwa toba ya ulevi na kucheza msibani. Toba hiyo hukuisoma. Kwa hiyo kosa la ulevi halijatubiwa na bado liko kwenye kitabu.

Pili. Ulitubu kosa ambalo kanisa halikukutuhumu. Kamati haikuwa imelichunguza. Watu walipiga kelele, kwaya ilishindwa kuimba, na mama Gwantwa, mama wa watu, mtu wa miaka themanini na mbili, aliondoka katikati ya ibada peke yake na fimbo yake.

Tatu. Mchungaji alipokuomba ukae, ulisema, "Sijamaliza." Hilo kamati imeliona ni jeuri.

Hivyo marudi yako yanaendelea mpaka hapo tutakapokaa tena. Pasaka hutashiriki.

Hapa nimemaliza ya kamati. Haya ni yangu. Baba, miaka yote hii nimewasimulia wanangu hadithi ya kiatu. Jana usiku nimewaita wote nikawaambia si kweli. Mdogo akaniuliza, sasa Rabson tumwiteje? Umetuweka mahali pabaya wote.

Ni mimi,
Jairo, mzee wa kanisa

*

Itaka, 24 Aprili 2025

Kwa Rabson, Msangano.

Nilitaka kuandika shemeji. Nimeona nisubiri mpaka uniruhusu.

Ketrina hajanijibu. Osward wa fuso anasema ile barua aliisoma amesimama pale pale barabarani, halafu akaondoka kuelekea mashambani, debe lake la unga kaliacha chini. Kwa hiyo najua unajua.

Nilisimama. Nikasema yote, kiganja, mizunguko miwili, matope, na kiatu. Nikasema, Rabson ndiye aliyeingia majini, na mnaosema jina lake mkicheka mnacheka kwa mdomo wangu. Mtu mmoja akapiga kelele, "Muuaji!" Nikamwambia sema tena, nyuma huko hawajasikia. Na kweli akasema tena. Kamati imeninyima meza. Jairo nimemjibu kwamba meza iko kwenye chumba chao, wana kufuli, wafunge. Rehema haikuwahi kukaa kwenye chumba chao, kwa hiyo hilo tusibishane. Siku ya Pasaka nilikaa nje chini ya dirisha nikaimba besi. Walinisikia, hakuna aliyetoka kuninyamazisha.

Lakini siandiki kujisifu. Naandika kwa ajili ya mama Gwantwa.

Jumatatu ya Pasaka aliniita. Nikaenda. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, unanijua. Yuko jikoni anachambua maharage, hakunitazama. Akasema, "Mwanangu alisema nini?"

Nikasema, mama?

"Siku zote nimesikia alisema habari za ndama. Watu wanacheka, na mimi nacheka, nasema ndiyo mwanangu huyo, alikuwa mcheshi. Hilo ndilo neno lake la mwisho nililobaki nalo. Jumapili umesema ulilitunga wewe. Sasa alisema nini?"

Rabson, sijui. Nilikuwa nakimbia. Nikamwambia, mama, sijui, nilikimbia. Maharage yakaendelea. Nikapiga magoti pale kwenye majivu, nikataka kuomba. Mimi, ninayeongoza sala za misiba mpaka uji upoe! Nikasema, "Mungu." Halikuja lingine. Nikasubiri, halikuja. Nimekaa na neno moja mdomoni kama mtoto wa kunyonya. Yule mama akaacha maharage, akasema, "Amina."

Halafu akasema, "Sijakusamehe. Inuka, unakalia kuni zangu."

Sijui nikuelezeje, lakini nilitoka pale mwepesi, na kosa langu lote ninalo mkononi. Sijapunguziwa hata kidogo, na bado nimeshikwa na kitu ambacho hakiniachii. Wenye elimu ya dini wakueleze. Mimi nasema kilichonipata.

Wewe ulikuwa majini naye. Kama Hezron alisema neno, wewe ndiye unalo. Mimi sina haki ya kukuomba hata maji ya kunywa, na siombi kwa ajili yangu. Mama yake ana miaka themanini na mbili, na nimemnyang'anya mtoto mara mbili.

Usiponijibu nitaelewa. Ila mjibu yeye.

Anyelwisye wa Itaka, aliyeachia kamba

*

Msangano, 4 Mei 2025

Anyelwisye,

Mimi si mtu wa maneno. Ketrina ananiandikia, mimi nasema.

Nimerudi nyumbani. Alikuja shambani na barua yako akapiga magoti kwenye tope la mpunga. Nikamwambia inuka, unakanyaga mpunga. Tulikaa kibandani mpaka jua likazama.

Umesimama kanisani. Vizuri. Usidhani nitakupigia vigelegele. Umenila miaka thelathini na nne. Watoto wangu wakicheza hapa mtaani, akikimbia mmoja wenzake walisema "kama baba yako". Bado nina hasira, na nitakuwa nayo mpaka nitakapoona mwenyewe imetosha. Usiiharakishe kwa jogoo.

Kwa wazee wa Itaka sitakuja kupokelewa. Wakiandaa karatasi ya kunisamehe waichane. Mimi hapo sikukosa kwao. Wao wanipe mkono wakitaka, na wakiona aibu wakae nayo.

Lakini kuna jambo ambalo Ketrina analiandika sasa hivi huku analia, na mimi namwambia andika.

Nilimfikia. Nilimshika mkono. Tulikwenda na maji wote wawili, nimemshika, mbali, mpaka pale pa mawe. Halafu mkono wangu ukaisha nguvu. Nasema ukaisha nguvu. Usiku mwingine nasema hivyo na naamini. Usiku mwingine sijui kama uliisha au niliufungua. Ndiyo maana uliposema mimi niliachia, sikupigana na wewe kama nilivyotakiwa. Nilikuwa najiuliza kama hujasema kweli bila kujua. Hilo sijamwambia mtu, si mchungaji, si mke. Wewe ulipokunjua vidole vyako mbele za watu, mimi vyangu vikaanza kuniuma.

Hezron alisema. Nilisikia vizuri, mdomo wake ulikuwa kwenye sikio langu. Siandiki hapa, na Ketrina sijamwambia. Ni la mama yake.

Alhamisi ijayo nakuja na Osward. Nisubiri barabarani, unipeleke kwa mama Gwantwa. Nitamwambia alichosema mtoto wake, na nitamwambia habari za mkono. Akitufukuza tutafukuzwa wote wawili.

Na njiani, shemeji, usiongee.

Rabson